Mama yangu si mbishi: barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Waganga Wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa,
Ndugu Wakurugenzi wa halmashauri zote za mikoa hiyo,

YAH: LUGHA TUNAYOHUDUMIWA NAYO HOSPITALINI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nimeanza hivyo kwa mazoea. Nimefundisha shule za msingi miaka 31, Kiswahili na Maarifa ya Jamii, na kwangu barua ya kiofisi haianzi vinginevyo. Juzi jioni nilimsomea mama rasimu hii jikoni kwake, huku nikimtafsiria kwa Kinyakyusa. Mstari huo wa kwanza tu akanikatiza: "Limetajwa juu wapi?" Akainua macho kwenye kenchi, palipo na moshi na mahindi ya mbegu. Nilicheka sana. Kisha nikakumbuka ni mara ngapi ameinua macho hivyo hivyo mbele ya dirisha la dawa, na hapo hakuna aliyecheka naye.

Mama ana zaidi ya miaka 80. Anaishi upande wa Busokelo, wilayani Rungwe, kati ya migomba na chai, na mimi niko Tukuyu. Kinyakyusa chake ni kile ambacho mimi mwenyewe nakisikia kwa taabu siku hizi, chenye methali na mafumbo. Kiswahili anacho pia, Kiswahili cha sokoni. Kinamtosha kuuza mkungu wa ndizi na kudai chenji yake, ila kueleza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi hakimtoshi. Ana presha ya kupanda, na kwa miaka michache sasa ana kisukari.

Mwaka jana nilikabidhiwa faili lake nilipeleke chumba kingine. Sikupaswa kulifungua, nililifungua. Kiingereza changu ni cha mwalimu wa msingi lakini kilitosha kusoma kilichoandikwa na kupigiwa mstari: kwamba mgonjwa huyu hafuati masharti ya dawa, na haji kliniki kwa muda aliopangiwa. Muuguzi alikuwa ameshanipa tafsiri yake kwa mdomo kabla sijasoma. "Mama yako ni mbishi, mwalimu."

Sitaitaja hospitali. Nikiitaja mtaishughulikia hiyo moja, mtaandika taarifa, na mtadhani yamekwisha. Nimekaa kwenye mabenchi ya vituo vingi, kuanzia zahanati za vijijini hadi hospitali zenye ghorofa, na ninayoyasema hapa nimeyaona kwingi.

Nianze na saa.

Kadi ya mama iliandikwa tarehe, na chini yake 8:00. Mama hakusoma sana, lakini namba anazijua. Ameuza maharage maisha yake yote. Akasoma saa nane. Akatoka nyumbani kabla ya saa sita, akateremka hadi barabarani, akapanda Noah, akafika robo saa kabla ya muda. Kliniki ya presha ilikuwa imefungwa zamani. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Mara zote mbili aliambiwa amechelewa, na mara zote mbili alijua moyoni kwamba amewahi. Kwa kuwa ni mtu mzima mwenye adabu zake hakubishana na mtoto aliyevaa sare. Alikaa pale nje akala ndizi aliyofungasha, akarudi.

Aliyeandika 8:00 alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi. Sasa tusaidiane: kosa la nani? Sisi saa yetu inafuata jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, na ndipo tunaanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Ukutani mshale ukiwa kwenye 8 tunasema saa mbili, wala hatufikirii. Lakini gazetini ukikuta mkutano utaanza saa 8:00 mchana, ni saa nane, na hapo pia hatufikirii. Sisi tuliozoea ofisi tunaruka kutoka hesabu moja kwenda nyingine kama mbuzi kwenye matuta. Mtu ambaye hajazoea anasoma alichoandikiwa. Mama yangu alisoma 8:00 kama gazeti la Kiswahili linavyoisoma. Kwa ualimu wangu wote nisingemkosesha.

Neno "asubuhi" lina herufi saba.

Halafu kuna siku ile ya kupima sukari. Aliambiwa usiku asile chochote, wala asubuhi, mpaka apimwe. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na mimi mwalimu wa Kiswahili sikuona tatizo lolote. Mama akatii. Usiku hakula. Asubuhi hakula. Alikunywa tu uji wa ulezi, kikombe kile kikubwa cha bati, na sukari yake.

Uji hauliwi, wakubwa wangu. Uji hunywewa. Hakuna Mswahili wa bara wala wa pwani anayekula uji. Aliyetoa maelekezo alikuwa kichwani na neno la Kiingereza linalofungia mdomo kila kitu, akalitafutia la Kiswahili akapata "usile", na neno hilo halikufika kwenye kikombe. Kipimo kilitoka juu. Dozi ikaongezwa. Wiki mbili baadaye alianguka kwenye mihogo, anatetemeka, nguo zimelowa jasho, na wajukuu wakadhani ndiyo mwisho. Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Aliokolewa na jirani aliyempa soda, jirani ambaye hajasomea chochote.

Jirani mwingine yeye aliambiwa anaruhusiwa chai tu. Akala chapati mbili na maharage. Akiulizwa anashangaa: si mmeniambia ninywe chai? Na kweli, nani kati yetu anapouliza "umekunywa chai?" anaulizia majani peke yake? Chai ni mlo wa asubuhi, na vitafunio vyake vimo ndani ya neno.

Nimekuwa nikikusanya haya kama wengine wanavyokusanya mafumbo. Kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1x3: mzee mmoja wa jirani zetu alisoma kidonge kimoja, siku tatu. Akameza vitatu vya antibayotiki, akatulia, kidonda kikarudi. Mwingine alizidisha, kama tulivyomfundisha darasani, akameza vitatu kwa mpigo. Wote wawili walisoma vizuri kabisa. Alama ile haina maana yoyote kwa mtu asiyejua desturi ya dirisha la dawa. Na ukiandika "mara tatu kwa siku baada ya kula" bado hujamaliza, kwa sababu msimu wa kulima watu wetu hula mara mbili.

Kuna "moyo" pia. Mtu wa kwetu akisema moyo unamuuma, huku amegusa hapa katikati chini ya kifua, anasema chembe cha moyo, mdomo wa tumbo. Daktari mgeni anashtuka, anaandika vipimo vya moyo, vya fedha nyingi, na mtu ana vidonda vya tumbo. Wakati mwingine ni kinyume chake, naye mwenye moyo kweli anapewa dawa ya gesi. Mkono wa mgonjwa ulikuwa unaonyesha mahali. Daktari alikuwa anaangalia kompyuta.

Na kuna "ndiyo". Hii nawaomba muitafakari sana, kwa sababu haitokani na uzee wala kijijini. Daktari anauliza: "Hujawahi kudhurika na dawa yoyote?" Mgonjwa anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili amejibu sawasawa: ndivyo ulivyosema, sijawahi. Daktari aliyefundishwa kuuliza kwa Kiingereza kwa miaka yake yote ya chuo anasikia kwamba amewahi. Mgonjwa mmoja niliyekuwa naye alibadilishiwa dawa kwa "ndiyo" hiyo, akaandikiwa ya bei mara nne, ya kununua nje. Tiba yake ni kuacha kuuliza kwa kukanusha. Uliza: "Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" Hapo "hapana" ni hapana.

Mama yeye hasemi ndiyo wala hapana. Akimaliza kuelezwa anasema "ndaga". Ndaga ni asante. Anamshukuru yule kijana kwa kujisumbua kusema. Kijana anasikia kwamba ameelewa, anafunga faili, anaita mwingine. Hata angetaka kusema sijaelewa, asingesema. Kwa malezi aliyolelewa, kumtaka mwenye cheo arudie maneno ni kumwambia kwamba hajui kusema. Na akijaribu Kiswahili chake, vijana wa dirishani wanaigizana matamshi yake. Nimewasikia. Walidhani mwenye miwani aliyekaa benchi la mbele ni mtu wa Dar.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu hayo ya uji na saa tungeweza kuyamaliza kwa kucheka.

Nilikuwa kwenye kituo kimoja tarafa za chini, upande wa ziwani. Aliletwa mwanamke kijana aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Watu wa Karonga wanasema Kingonde, ambacho ni ndugu wa damu wa Kinyakyusa. Tunasikilizana vizuri tu. Kiswahili hakuwa nacho. Muuguzi akapaza sauti ukumbini: "Nani ndugu yake anayejua Kiswahili?" Akasimama mzee, baba wa mumewe, ndiye aliyelipa bajaji. Muuguzi akamwita pazia la ndani ili atafsiri.

Ndugu Waganga Wakuu, baadhi yenu mmetoka mbali na mikoa hii, basi niwaeleze. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani macho. Humpisha njia. Jina lake halitaji, na wa zamani waliacha hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo, wakatafuta mengine ya kuyakwepa; wazee huiita ingamwana. Vijana wa mjini wameilegeza sana desturi hii, mimi mwenyewe sikuishika yote. Lakini hakuna hata mmoja wetu, wa mjini au wa shamba, anayeweza kumweleza baba mkwe habari za damu.

Yule binti alijifunika kitenge usoni. Mzee akageukia ukuta. Muuguzi akauliza: anaumwa nini? Mzee akauliza ukutani, binti akanong'ona kwenye kitenge, mzee akasema: "Anasema tumbo." Ikaandikwa tumbo. Akaandikiwa dawa ya maumivu na ya minyoo.

Niliinuka. Sikuwa na ruhusa, nilifoka kidogo, naomba radhi kwa sauti ile. Nilimtoa mzee nje, alinishukuru kwa macho. Nikamuuliza binti kwa lugha yake, polepole. Alikuwa na ujauzito wa miezi mitatu, anavuja damu siku ya pili, na alikuwa ameanza kusikia baridi. Baada ya hapo, niseme kweli, yule muuguzi alikimbia kama mtu anayeijua kazi yake. Binti alipona. Hakukuwa na uzembe wa kitabibu hapo. Palikosekana mtu mmoja wa kusema na mwanamke yule, na badala yake akawekwa mtu wa mwisho duniani ambaye angeweza kuongea naye.

Hivi ndivyo ukalimani unavyofanyika katika vituo vyetu vingi. Anaitwa aliye karibu. Mfagiaji. Mlinzi. Mtoto wa darasa la tano anayemtafsiria bibi yake habari za kibofu. Jirani aliyekuja kupima malaria yake. Na mikoa hii ni ipi? Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, mikoa mitatu iliyoongoza nchi nzima. Mabango ya usiri wa mgonjwa yapo kila ukuta. Wakati huo huo majibu ya mtu wa Makete anayesema Kikinga yanapita mdomoni mwa jirani yake ambaye kesho watakutana kwenye kisima. Siri ya namna hiyo inafika nyumbani kabla ya mgonjwa.

Najua mtakalosema, kwa sababu nilikuwa nalisema. Serikali ina lugha ya taifa, na ofisi ya umma si mahali pa kilugha. Nililisema kwa vitendo. Kwa miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nilikuwa na kibao chenye kamba, na mtoto aliyekutwa anasema Kinyakyusa uwanjani alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Mwisho wa siku wa mwisho kukivaa alichapwa. Niliamini nawasaidia. Mmoja wa watoto hao sasa ni tabibu, na aliponiona mwaka juzi alinisalimia kwa Kiswahili fasaha, shikamoo mwalimu, akaniambia Kinyakyusa kimempotea. Wagonjwa wake wa uzeeni anawatafutia mkalimani. Hilo ni langu, silipeleki kwa mtu.

Kiswahili nakipenda, nimekila miaka 31. Siombi kiondolewe popote. Tena pale penye Kiingereza naomba kiongezwe. Lakini mgonjwa ni mtu wa kumfuata alipo. Akiwa kwenye Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kinyiha, Kihehe, Kibena, Kiwanji au Kipangwa, mfuate huko, mponye, halafu mfundishe Kiswahili akiwa mzima. Na wala si lugha za wenyeji tu. Nendeni Mbarali, kwenye mabonde ya Usangu, mkawaone akina mama wa Kisukuma na wa Kimang'ati waliokuja na ng'ombe. Halafu kuna viziwi, ambao hata hao wafagiaji na walinzi hawawezi kuwasaidia. Wanaandikiwa kwenye karatasi, kama walipelekwa shule.

Madaktari vijana siwalaumu kama mnavyodhani. Kijana anatoka kwetu, au Mara, au Kigoma. Tangu kidato cha kwanza kila kitu cha mwili wa binadamu amekisoma kwa Kiingereza, miaka zaidi ya kumi. Anaamka asubuhi anakuta foleni ya watu 70 wanaotaka aseme yote hayo kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyemfundishia udaktari kwayo. Ndiyo maana anachanganya. Mara nyingine anajitahidi, na jitihada yenyewe inakwama. Nilimsikia mmoja akimwambia mama, kwa Kiswahili safi cha kamusi, kwamba kongosho lake limechoka. Mama akaniangalia. Kongosho alilijua yeye na daktari? Hata mimi nililazimika kufikiri.

Daktari huyo alikuwa mwungwana. Aliniuliza afanyeje. Nikamwambia mama amechinja mbuzi na nguruwe wengi kuliko sisi wote humu ndani, anajua kila kiungo mahali kilipo, ila anakijua kwa kukiona. Akachora. Mama akakitambua kabla kalamu haijatoka kwenye karatasi, akakitaja kwa Kinyakyusa, akasema kile huwa wanapewa mbwa. Daktari akacheka, sote tukacheka, akaeleza kwamba hicho cha mbwa ndicho kinachotawala sukari mwilini. Mwaka mmoja na nusu umepita na mama hajasahau. Siku nyingine daktari huyo huyo alieleza figo kwa chujio la chai. Kwetu Tukuyu hakuna asiyejua chujio la chai likiziba inakuwaje. Alitumia dakika nane, nilizihesabu. Alikuwa amehamishwa tuliporudi.

Mnaweza kuniambia mambo ya lugha hayabadiliki kwa barua. Mahakama zimebadilika. Mahakama za mwanzo tangu zamani zinasikiliza kwa Kiswahili, lakini huko juu hukumu zilitoka kwa Kiingereza, mtu anafungwa au anaachiwa akisubiri aambiwe lipi kati ya hayo. Februari 2021 Rais Magufuli, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, na akampandisha Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapokihitaji. Utekelezaji una kona zake, lakini mlango ulifunguliwa. Tena mahakamani mshtakiwa asiyejua lugha inayotumika sheria inataka atafsiriwe ushahidi, mle mle mbele ya hakimu. Mwizi wa kuku ana haki ya mkalimani. Mama yangu hajaiba kuku.

Na nyie wenyewe mmeshaweza. Kadi ya kliniki ya mtoto iko kwa Kiswahili tangu nikiwa mama kijana, na mama zetu wasiosoma waliielewa kwa kufuata mstari wa uzito ukipanda au ukilala. Mama mwenye kadi ile mkononi alijua kuliko baba mwenye diploma. Kwa nini mtu akishakua, kadi yake ya kutoka wodini inageuka Kiingereza, tena cha vifupisho? Fomu ya ridhaa ya upasuaji je? Nimeshuhudia mzee akiweka dole gumba chini ya ukurasa mzima ambao hakuna aliyemsomea. Walimwambia, "Weka hapa." Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO waliporidhia siku hiyo mwaka 2021, tunaadhimisha Kiswahili duniani kwa mabango na ngoma. Mabango ni mazuri. Fomu ile ibandikeni chini ya bango mwaka huu, tuisome pamoja.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Chongesheni muhuri wa mpira wenye maneno asubuhi, mchana, jioni, na saa iandikwe kwa maneno. Vibahasha vya dawa viwe na jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na mtoa dawa achore vidonge chini ya kila kimoja. Hata mimi nitavisoma bila miwani. Badala ya kuuliza "umeelewa?", swali ambalo mzee yeyote atalijibu kwa heshima tu, mgonjwa aambiwe: "Hebu nieleze utakavyozitumia nyumbani." Ataeleza, na hapo mtakiona kikombe cha uji kabla hakijanywewa.

Na wakalimani mnao. Wauguzi na wahudumu wenu wamezaliwa humu humu. Andikeni kwenye kitambulisho cha kila mmoja lugha anazozisema, wekeni orodha mapokezi, na anayeitwa kutafsiri ahesabiwe kwamba yuko kazini, ale kiapo cha siri kama wengine. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaotoka kwenye vitongoji vyao wenyewe. Hao ndio daraja. Wafundisheni kutafsiri, maana kujua lugha mbili si kujua kutafsiri. Yule mzee aliyegeukia ukuta alijua mbili vizuri kabisa. Mwanamke asitafsiriwe mambo ya uzazi na mwanaume, na hasa si mkwe. Hili naomba liandikwe kabisa kwenye mwongozo, kwa wino.

Na ule mstari kwenye faili la mama naomba ufutwe. Niliuomba kwa mdomo, nikaambiwa kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi. Sawa. Basi iandikwe nyingine chini yake, kwa Kiswahili, kwamba mgonjwa alifika saa nane kama alivyoandikiwa.

Kliniki yake ijayo ni Alhamisi. Kadi inasema 8:00. Nimeongeza "asubuhi" kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, na nitamfuata alfajiri mwenyewe, akiwa hajala wala hajanywa.

Nawasilisha.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe

Nakala: Mama, kwa kusomewa.